Kiatu cha Tabaka Nane

Ibada ilikwisha saa tano na nusu, watu wakatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la kanisa, na akina mama walijifunika kanga mbilimbili. Mezani kulikuwa na mikungu mitatu ya ndizi, chupa za maziwa, jogoo aliyefungwa miguu, na kikapu cha mayai kumi. Kikapu hicho alikileta Elisifa, mke wa Filemon fundi viatu, asubuhi ileile.

Mzee Isack, aliyekuwa akinadi, alimaliza ndizi kwanza. Kisha akainua mkono watu wanyamaze.

“Kabla ya jogoo tuna jambo. Binti yetu Kindness amechaguliwa kidato cha tano, Mkuu, kule Rombo. Ni msichana pekee wa usharika huu mwaka huu. Vijana wamemnunulia begi. Njoo mwanangu, njoo upokee.”

Kindness alitoka katikati ya wasichana wenzake. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu kama mama yake, na alitembea vizuri kiasi kwamba mgeni asingejua kitu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa sentimita nne. Pengo hilo lilizibwa na soli aliyoitengeneza baba yake: tabaka nane za mpira mwepesi, zimegundishwa moja juu ya nyingine, kisha zikachongwa kufuata umbo la kiatu. Kipande kimoja kinene kingekuwa kizito na kisingekunjika kwenye vidole. Tabaka nyembamba zilikunjika pamoja na mguu, mradi gundi ishike.

Siku ile haikushika. Kindness alipokanyaga jiwe la ngazi, tabaka tatu za chini ziliachia na kuning'inia mbele. Alijikwaa, akaishika meza, na jogoo akapiga kelele.

“Fundi Filemon!” aliita Mzee Isack. Hakukusudia ubaya. Alikuwa amezoea kuwachekesha watu ili watoe zaidi. “Kiatu cha mwanao kinaomba sadaka!”

Watu walicheka. Mtu mmoja nyuma akaongeza, “Na changu nilichokupelekea mjini, fundi, nije nikichukue kabla hakijaanza kuomba?” Wakacheka tena.

Filemon alikuwa amesimama karibu na mti wa grivelia, mikono mfukoni. Aliinua mmoja. “Hayo mayai! Elfu kumi na tano!”

Mayai kumi yalikuwa ya elfu tano. Kicheko kilikatika, vichwa vikageuka, na Mzee Isack akagonga meza upesi kabla fundi hajabadili nia. Ndivyo Filemon alivyonunua mayai ya kuku wake mwenyewe kwa bei mara tatu, ili watu waache kumtazama mwanawe. Au ili waache kumtazama yeye. Hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

* * *

“Mayai yamerudi nyumbani,” alisema Elisifa akikiweka kikapu mezani. Hakuna aliyecheka.

Kindness alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kiatu mapajani. Alikuwa akizifungua tabaka kwa kidole, mojamoja, bila kutumia nguvu.

“Siendi,” alisema.

“Huendi wapi?” aliuliza Filemon.

“Mkuu. Hapa wananijua, baba. Wamecheka, kesho wamesahau. Kule kuna wasichana mia nne ambao hawanijui. Kitafunguka mstarini siku ya kwanza, na hilo ndilo litakuwa jina langu kwa miaka miwili.”

“Barua imesema mwisho wa kuripoti ni Ijumaa.”

“Nimeisoma. Mimi ndiye niliyewasomea.”

Elisifa alikuwa akimenya ndizi. Aliweka kisu chini. “Baba Kindness, nikuulize kitu. Viatu vya watu unavyotengeneza mjini, vinarudi?”

“Haviru... kimoja kimoja. Havirudi hivi.”

“Hiki kimefunguka mara ya ngapi?”

“Ya tatu.”

“Vya watu vinashika, cha mwanao kinaachia. Unampa gundi gani mtoto huyu?”

Filemon alitazama mikono yake. Gundi ya njano ilikuwa imekauka pembeni mwa kucha, kama kila siku kwa miaka ishirini. “Mwaka jana,” alisema polepole, “niliongezea petroli. Ilikuwa imebaki chini ya kopo, imekuwa nzito. Nikaona itatosha. Lakini mara mbili hizi za mwaka huu sikuongeza kitu, Mama Kindness. Naapa.”

Elisifa alishika kisu akaendelea kumenya. Angemgombeza, ingekuwa nafuu.

“Nitanunua kopo jipya,” alisema Filemon. “Nitajaribu gundi zote zilizoko Moshi.”

“Jaribu, baba,” alisema Kindness. “Ikishika nitakwenda. Isiposhika, usinilaumu.”

* * *

Kibaraza cha Filemon kilikuwa mbele ya duka la vyombo, karibu na soko, katikati ya mji wa Moshi. Pembeni yake alikaa Ebenezeri, fundi mwenzake, mtu wa maneno mengi aliyemwita mangi kila mwanamume wa Kichaga, na ambaye mwavuli wake mkubwa uliwafunika wote wawili.

“Gundi ya kushikisha mpira kwa mpira, ule mwepesi, mwembamba,” alisema Filemon Jumatatu ile. “Tabaka kwa tabaka. Wewe ungetumia ipi?”

“Ya nani hiyo?”

“Mteja. Wa kule kwetu Masama. Ana... kiatu chake kina soli ya tabaka.”

“Mguu mfupi?”

“Ndiyo.”

“Mwambie ashuke tumpime. Kiatu cha namna hiyo hakitengenezwi kwa kusimuliwa.”

“Hawezi kushuka.”

“Hawezi au hataki? Basi mangi, nunua tatu ujaribu. Supagluu ni ya haraka, ila siiamini kwenye kitu kinachokunjika. Solusheni ya kuzibia tyubu ni nzuri kwa tyubu. Mimi ningebaki na hii yetu ya njano, kopo jipya. Paka pande zote mbili, subiri ikauke, bana. Unajua kazi, unaniuliza nini?”

Filemon alinunua zote tatu. Saa saba, jua lilipopenya mawingu, alikata vipande viwili vya mpira, akavikwaruza kwa msasa, akafuta vumbi na kuvipaka gundi ya kopo jipya. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Hakuwa na saa. Fundi aliyemfundisha kazi alimwambia gundi husubiriwa kwa beti tatu za wimbo wa kanisani, zisizokimbizwa, naye hakuwahi kupima kwa kitu kingine. Ubeti wa tatu ulipokwisha alivibana, akavigonga kwa nyundo na kuvitia mfukoni.

* * *

Jumatano hakwenda mjini. Aliweka meza chini ya upenu wa nyumba, kati ya migomba, na familia yote ikakaa kuizunguka kama wanaochambua maharage.

Supagluu ilishika kwa kufumba na kufumbua. Kindness alikikunja kipande mara kumi na mbili. Ya kumi na tatu kililia tap, gundi ikavunjika kama kioo. Solusheni ilishika katikati, lakini mpira huu mwepesi ukajikunja pembeni kama karatasi iliyolowa. Kisha akachukua kipande alicholetewa kutoka mjini. Alikikunja mara mia moja akihesabu kwa sauti. Elisifa akajaribu kukifungua kwa ncha ya kisu, akashindwa.

“Hii,” alisema Elisifa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alimtazama mumewe usoni. “Tumia hii.”

Filemon alifanya kazi mchana wote. Alikwaruza kila tabaka, akafuta, akapaka, akaimba beti zake tatu, akabana, akagonga. Tabaka nane zilipotimia alikifunga kiatu kwa mkanda wa tyubu na kukiweka kabatini kama mtu anayelaza mtoto.

Asubuhi ya Alhamisi Kindness alifungua mkanda, akaingiza ukucha kati ya tabaka ya tano na ya sita. Zilifunguka. Akavuta nyingine, nayo ikafunguka. Ndani gundi ilikuwa bado mbichi, ikivutika nyuzinyuzi.

“Umeona,” alisema Elisifa kwa sauti ndogo.

“Kopo jipya, Mama Kindness! Umeniona nikilifungua kwa mikono yangu!”

“Sijasema kitu.”

“Umesema!”

“Subirini,” alisema Kindness. Alikuwa ameshika kipande cha mjini mkono mmoja na soli mkono mwingine. “Baba, hii ni gundi ya kopo lilelile?”

“Lilelile.”

“Na mpira ni uleule?”

“Nimekata hapohapo.”

“Kipande hiki ulisubiri kwa muda gani kabla ya kubana?”

“Beti tatu.”

“Na jana hapa?”

“Beti tatu. Ndivyo nilivyofundishwa.”

Kindness alitazama nje. Ukungu ulikuwa umekaa kati ya migomba, na matone yalidondoka kwenye majani ingawa mvua haikuwapo. “Mjini kuna joto, baba,” alisema.

Filemon naye aliutazama ukungu. Kwa miaka ishirini alikuwa akishuka asubuhi na kupanda jioni, na kila jioni alivaa koti gari lilipopita kituo cha Kwa Sadala na kuanza kupanda Masama. Koti alikumbuka kulivaa. Kwamba gundi nayo ilikuwa ikipanda mlima pamoja naye, hilo halikuwahi kumjia. Zile zilikuwa beti za mjini, za kwenye joto.

Walijaribu tena papo hapo. Safari hii aliimba beti tisa, na Kindness akaimba pamoja naye ili asiharakishe. Lakini ukungu uliingia chini ya upenu na kuacha utando mweupe juu ya gundi, kama pumzi kwenye kioo. Walipobana, tabaka hazikushikana kabisa.

“Nilete jiko,” alisema Elisifa. “Tuikaushie kwenye mkaa.”

“Gundi hii ikiona moto tunaungua na nyumba.”

“Basi kigundishie mjini. Si ndiko inakoshika?”

Lilikuwa jambo la wazi sana hata Elisifa mwenyewe alishangaa kuwa hakuna aliyelisema mapema. Lakini Filemon alianza kufuta burashi kwa kitambaa, akaifuta hata ilipokwisha kuwa safi.

“Kibarazani hakuna nafasi,” alisema.

“Nafasi ya kiatu kimoja?”

“Na soli hii haitengenezwi bila mguu wake kuwapo. Lazima akanyage, nipime, nichonge.”

“Si atakuja? Ana miguu.”

Kindness alimtazama baba yake.

“Baba, Ebenezeri anajua una binti?”

“Anajua. Nimemwambia umefaulu.”

“Anajua mguu wangu?”

Ng'ombe alijikuna kwenye boriti ya banda. Filemon aliiweka burashi mezani.

“Hapana,” alisema.

“Miaka kumi na minane,” alisema Elisifa. “Ruwa wangu, Mungu wangu.”

Kindness hakulia. Alikusanya tabaka zake nane, akazipanga vizuri, kubwa chini na ndogo juu. “Ndiyo maana tukiwa mjini unatembea mbele yangu,” alisema.

Filemon alikuwa na jibu la neno hilo. Alikuwa nalo tangu Kindness akiwa darasa la kwanza: kwamba alitangulia ili amfungulie njia kwenye watu wengi. Alikuwa amejipa jibu hilo mara nyingi mpaka likawa kama kweli. Sasa alilitafuta, na akaona haya kulitoa.

“Ndiyo,” alisema.

Kindness aliinuka. “Kesho nitashuka na begi langu. Utakitengeneza mbele yangu, hapo kibarazani, saa ya jua. Kikikamilika nakwenda Mkuu. Ukiniambia nikusubiri kwenye duka la nyuma, narudi nyumbani.”

* * *

Alishuka amevaa raba za kawaida, bapa zote mbili. Kwa raba hizo kila hatua ilimwinamisha kushoto, na kutoka stendi mpaka sokoni watu walipata muda wa kutosha kumtazama. Filemon alitembea kando yake, begi begani. Mara mbili miguu yake ilimtangulia kwa mazoea, na mara mbili alisimama.

“Shikamoo,” Kindness alimwambia Ebenezeri.

“Marahaba, binti. Fundi, huyu ni nani?”

Palikuwa na mama mmoja akisubiri zipu ya mkoba wake, na vijana wawili wapagazi wa mlimani waliokuja na mabuti. Wote walikuwa wameshatazama miguu.

“Ni binti yangu, Kindness,” alisema Filemon. “Anakwenda kidato cha tano. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa sentimita nne.” Alivuta pumzi. “Yule mteja wa Masama ndiye huyu.”

Ebenezeri aliacha kushona.

“Mangi,” alisema, “una matatizo. Tumekula chips sahani moja miaka kumi na moja.” Kisha akasimama, akaung'oa mwavuli wake mkubwa na kuuegemeza ukutani. “Kaa hapa binti, kwenye kigoda changu. Jua liingie, mzee wako afanye kazi.”

Mama wa zipu aliinama. “Alizaliwa hivyo?” alimwuliza Filemon, kana kwamba Kindness hayupo.

“Ndiyo mama,” alijibu Kindness. “Nimeshazoea. Baba ndiye anayezoea leo.”

Wapagazi walicheka, na Ebenezeri akacheka zaidi yao. Masikio ya Filemon yalipata moto. Alipiga magoti kwenye saruji, mbele ya watu wote, akaushika mguu wa mwanawe na kuupima, jambo ambalo siku zote alikuwa amelifanya mlango ukiwa umefungwa.

Alikwaruza gundi yote ya zamani mpaka mpira ukawa safi. Akapaka. Akaanza kuimba, na ubeti wa tatu ulipokwisha hakubana. Aligusa kwanza kwa mgongo wa kidole. Gundi haikufuata kidole; ilikuwa imekauka. Akabana, akagonga, akaenda tabaka ya pili. Alipofika ya saba Kindness alinyoosha mkono.

“Ya nane nipe mimi.”

“Ukipaka nene, unaharibu.”

“Nifundishe nisipake nene. Mkuu nako kuna ukungu, baba. Siku kikiachia nitafanya nini?”

Alimfundisha. Kindness alipaka, akasubiri, akagusa kwa mgongo wa kidole, akangoja kidogo tena, akagusa, akabana. Ebenezeri alikichukua kiatu, akashika tabaka za pembeni kwa koleo na kuvuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hazikuachia.

“Hapo sawa,” alisema. “Ila nyie wote mnajua. Siku nzima bila kukanyagwa.”

Filemon alijua. Kwa haya aliyokuwa nayo tangu asubuhi, alikuwa amesahau kuhesabu. Ilikuwa saa nane, na leo ndiyo ilikuwa Ijumaa.

Kindness alitazama raba zake bapa. Mtu angeweza kuona hesabu ikipita usoni mwake: geti la shule, mstari, wasichana mia nne. Wapagazi waliacha mabuti yao, wakaondoka. Kisha Kindness akakifunga kiatu kwenye gazeti, akakitia kwenye begi la vijana wa usharika, juu ya nguo ili kisibanwe.

“Gari la Mkuu linajaa saa ngapi?” aliuliza.

“Sasa hivi,” alisema Filemon. Alikuwa amepanga kumsindikiza stendi tu. Alifunga sanduku lake la kazi. “Ebenezeri, niangalizie. Nafika naye mpaka getini.”

“Nenda, mangi. Na wale wa mabuti wakirudi, nitawaambia fundi amekwenda na mteja wake.”

* * *

Mkuu kulikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa umeufuta mlima wote. Kutoka barabarani mpaka shuleni ni mwendo wa dakika kumi. Wao walitumia ishirini. Wasichana waliofika mapema walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa maua, na walipomwona Kindness akija, wakaacha kuongea.

Mwalimu wa zamu, mama mfupi mwenye daftari la kuandikisha, alitoka getini. “Karibuni. Pole binti, umeumia mguu? Umeanguka njiani?”

Filemon alifungua mdomo. Kindness alikuwa ameshaanza.

“Shikamoo mwalimu. Sijaumia. Mguu wangu ndivyo ulivyo, mmoja ni mfupi. Nina kiatu chake kwenye begi, ila gundi haijashika vizuri. Nitakivaa kesho.” Aligeuka kidogo. “Huyu ni baba yangu. Ndiye anayekitengeneza.”

Alisema kwa sauti ya kufika ukutani. Msichana mmoja alimnong'oneza mwenzake, wakacheka. Mwingine aliruka chini, akaja, akashika mkono mmoja wa begi bila kuulizwa.

“Polepole,” Kindness alimwambia. “Kiko juu, usikibane.”

Akina baba hawakuruhusiwa kupita geti. Filemon alibaki nje akiwatazama wale wawili wakipanda njia ya mabweni, begi katikati yao, mmoja akiinama kushoto kila hatua. Ukungu ukawameza. Hakujua kama tabaka zingeshika, wala kama msichana yule aliyecheka angecheka tena kesho. Alirudi barabarani, akakaa kwenye jiwe karibu na gari la mwisho la Moshi, akaanza kuimba kwa sauti ya chini kama mtu anayesubiri gundi. Konda alipomwita mara ya pili, alikuwa amefika ubeti wa tano.